Tunda Lisilo na Kokwa

Sinunui bluberi, yale matunda madogo ya bluu, kabla sijakigeuza kikasha. Wauzaji wa hapa Toronto hupanga zile nzuri juu, kavu, zenye ule unga mweupe kama wa zabibu, na chini yake hukaa zilizopasuka na zinazoanza kuota ukungu. Ukikigeuza kikasha ukaona karatasi imelowa doa la zambarau, kirudishe mahali pake. Ukikitikisa na matunda yakatembea kama goroli, kichukue. Yakigandamana, jua muuzaji ana habari ambayo hakukusudia kukupa.

Ule unga mweupe wenyewe niliushuku kwa miaka. Nilidhani ni dawa ya shambani, na nilikuwa nausugua kwa maji ya uvuguvugu mpaka tunda linabaki jeusi linang'aa. Kisha nikasoma katika kitabu cha maktaba kwamba ni nta ya tunda lenyewe, linaitengeneza ili lisikauke, na anayeiondoa mapema anaozesha matunda yake kwa mikono yake. Tangu hapo siyaoshi mpaka dakika ya kuyatumia. Karibu kila ninachokijua nimekijua hivyo: kwanza nashuku, kisha natafuta, kisha najaribu mwenyewe. Shule niliiacha mapema. Huku naendesha basi la shule, na watoto wakifunga majira ya joto nami nafunga. Mke wangu hafungi. Anafanya kazi katika dobi ya hospitali, shuka hazina likizo, kwa hiyo miezi hiyo jiko huwa langu. Watoto wetu wamekua na kuhamia miji mingine. Tulikuwa wawili tu katika nyumba yetu ya ghorofani hapa Thorncliffe Park, mpaka mama yangu alipokuja.

Baba alifariki Muheza, usingizini, na mama alipotoka eda tukamleta akae nasi. Alikuja na sanduku moja, kanga za kutosha, na ugonjwa wa sukari aliokuwa nao tangu zamani. Daktari wa hapa alimpa vidonge na sharti moja, nami nililitafsiri kwa makini: vidonge hivi haviendi na tumbo tupu. Akivimeza bila kula sawasawa, sukari itashuka mpaka aanguke. Mama aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru daktari kwa Kiswahili, mkono kifuani.

Katika wiki zile za kwanza nilileta bluberi. Nilikuwa nimesoma kwamba mgonjwa wa sukari anaweza kuzila kwa kiasi, na nilidhani zitamkumbusha zambarau za nyumbani, zile tulizokuwa tukizitia chumvi katika bakuli, tukalifunika kwa bakuli jingine na kutikisa mpaka zitoe maji. Nikazimimina kwenye sahani mbele yake. Akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti.

"Zambarau gani hizi?"

"Si zambarau, mama. Ni tunda la huku."

Akaipasua kwa ukucha. Ndani ilikuwa nyeupe inayoelekea kijani. Akatazama, akapasua nyingine.

"Kokwa liko wapi?"

"Halina kokwa. Lina vijimbegu tu, hata huvisikii mdomoni."

"Nani kalitoa?"

"Hakuna aliyelitoa. Limezaliwa hivyo."

"Na hiki kitundu?" Alikuwa anaonyesha ile taji ndogo kwenye kichwa cha tunda, pale ua lilipokuwa. "Hapa pamechomekwa kitu, baba. Wameingia hapa, wakatoa cha tunda, wakatia cha kwao."

Mama ana tabia ya kuniita baba anapotaka kunibembeleza na anapotaka kunifunga mdomo. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaisukuma sahani taratibu, akafuta kidole kwenye kanga, akaomba ndizi.

Ilipaswa niishie hapo, kwamba mzee hapendi tunda geni. Lakini niliendelea kumtazama, na ndani ya siku chache nikaona jambo. Mama alikuwa anakula ndizi, na lazima aimenye mwenyewe. Alikuwa anakula mayai ya kuchemsha, yakiwa na maganda. Machungwa. Karanga za maganda. Hindi la kuchoma, likifika kwake limevaa majani yake. Wali wa mke wangu, mchuzi wake wa nazi, mchicha wake, aliviweka mbele yake kwa adabu, akavikorogakoroga kwa kijiko, akasema ameshiba. Nilivipanga kichwani vyote alivyokula na vyote alivyoviacha, na nilipoona kinachovigawa nikakaa chini. Kila alichokula kilikuwa kimefungwa na Mungu. Kila alichoacha kilikuwa kimepita mikononi mwa mke wangu.

Sikumwambia mtu. Nilianza kuchunguza, na uchunguzi ndani ya nyumba yako ni kazi chafu. Nilifungua pipa la taka na kukuta wali umefungwa kwenye mfuko, mafundo mawili, chini ya maganda ya machungwa. Nilijifanya nasafisha roshani ili nione kama njiwa wanakuja kwa wingi kuliko kawaida, kufuata chakula kilichomwagwa, na walikuwa wanakuja. Nilipopika mimi, kwa makusudi, nikamwambia, "Hiki nimepika mwenyewe, mama," alikula vijiko kadhaa, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Chumvi alitia nani?"

"Mimi."

"Na nazi alikuna nani?"

"Ya kopo, mama. Hapa hakuna anayekuna."

Akaweka kijiko chini. Sikujua kama ni kwa sababu ya kopo au kwa sababu ya mke wangu, aliyekuwa amelifungua lile kopo asubuhi.

Na vidonge alimeza, kila siku, mbele yangu. Hilo ndilo lililonitisha.

Siku moja nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Nilimpa maji ya sukari kama nilivyofundishwa, akarudi taratibu. Tulimpeleka kliniki, na muuguzi mmoja alitutazama wote watatu, kisha akauliza swali ambalo nilichelewa kulitafsiri: je, nyumbani chakula kipo? Mke wangu alilielewa bila tafsiri. Alitazama viatu vyake. Muuguzi akasema hali hiyo ikijirudia anaweza asiamke, na kwamba kama mama hawezi kula kwetu, itabidi afikiriwe mahali pengine. Njiani mama akasema anataka kurudi kwao Muheza. Ndani ya lifti tulitazama namba zinavyopanda.

Jioni ile mke wangu alinifuata jikoni.

"Baba watoto, mama yako ananiogopa."

"Hapana. Ni ugeni. Chakula cha huku..."

"Mchele ni mchele. Usinipe maneno ya vitabu." Alikuwa anafuta sahani iliyokwisha kukauka. "Anadhani nitamtilia kitu. Sema. Wewe umeshaliona, nakujua, wewe huoni kitu ukakiacha."

Nikasema nimeliona.

"Tangu lini?"

Nikaanza kupanga vikombe, na hilo likawa jibu. Akaweka ile sahani kabatini, akafunga mlango wa kabati polepole sana, kama anaogopa kuuvunja.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na watu watatu wanaopelelezana. Mama alitazama mikono ya mke wangu. Mke wangu alitazama mdomo wa mama. Mimi niliwatazama wote wawili, na nikaanza kumshuku hata mke wangu, si kwa sumu, Mungu anisitiri, bali kwa kukata tamaa: kwamba amechoka na anangoja tu mama aondoke. Na yeye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na shaka yake: kwamba mama anajinyima kwa makusudi, ili aanguke ndani ya nyumba yetu na ndugu wote waseme mkwe ndiye aliyemuua kwa njaa.

Bluberi zilikuwa bado zinaingia, maana ndio ulikuwa msimu wake, na mimi nikijikuta na wasiwasi hupika. Nilizijaribu kila namna. Kwenye uji wa ulezi zinafaa, ukizitia mwisho moto ukiwa umezimwa, zikapasuka chache tu na nyingine zikabaki nzima. Nilizipika achari: kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi, siki kidogo, bluberi nyingi, moto mdogo mpaka zinanata. Achari ile ukiila na samaki wa kukaanga unasahau ukwaju. Juisi yake peke yake imepooza, inataka ndimu. Kwenye wali niliharibu; wali ulitoka rangi ya maji ya mtu aliyefua jinzi, na hata mimi niliumwaga. Mama alipita nyuma yangu akachungulia sufuria.

"Unachovya nguo?"

"Napika, mama."

"Haya. Ukimaliza, anika."

Huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu aje. Nikaupokea kama zawadi, kisha nikashuku kwamba ni njia tu ya kukataa.

Mke wangu ndiye aliyefikiria vitumbua. Hakuna mtu wa Muheza anayekataa kitumbua. Aliloweka mchele, akausaga na nazi na iliki, akatia hamira na sukari kidogo sana, maana ya bluberi ingetosha, akafunika bakuli apike asubuhi. Lakini ilikuwa wiki ya joto kali, lile joto linalopanda na ghorofa. Asubuhi unga ulikuwa umechachuka, unanuka. Hakuwa na muda wa kuloweka mchele mwingine kabla ya zamu, akafanya wafanyavyo wanawake wote wa kwao na wa kwetu: akatia magadi, yale meupe ya kopo, kijiko kikubwa, kuua uchachu. Alinihadithia baadaye, mimi nilikuwa dukani nageuza vikasha. Nilipofika alikuwa anaepua. Alikuwa ametumbukiza bluberi juu ya kila kitumbua unga ulipoanza kushika, na vimeiva vizuri, kingo za kahawia, katikati pameumuka.

Mama alikuwa mezani. Nina hakika alikusudia kula. Alisema "Bismillahi", akachukua kimoja, akakimega katikati, kama anavyomega kila kitu, ili aone ndani.

Ndani palikuwa pa kijani.

Si kijani cha jani. Kila bluberi ilikuwa imezungukwa na duara la kijani cha shaba iliyoota kutu, limesambaa kwenye weupe wa unga, na tunda lenyewe limegeuka kuwa la rangi ya kijivu. Nimeona ukungu mwingi maishani mwangu. Hata mimi mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe.

Mama alikiweka kile kitumbua kwenye sahani, vipande viwili vikitazama juu. Mke wangu akatazama sahani, akamtazama mama, akanitazama mimi, na aliniona jinsi nilivyokuwa namtazama.

"Na wewe?" akasema.

"Sijasema kitu."

"Hukusema." Akachukua mkoba wake. "Mimi mwenyewe sijui kimekuwaje. Lakini wewe ulivyonitazama, hilo nalijua."

Akaenda kazini. Vitumbua vikabaki mezani vinapoa, na mama na mimi tukabaki navyo.

Siwezi kukaa na kitu nisichokielewa. Nilitaja vitu vilivyoingia kwenye unga kimoja kimoja, nikamuuliza mama kama aliona mke wangu akitia nini, na mama, ambaye hakukosa kuona kitu jikoni mle, akasema, "Unga. Nazi. Magadi." Nikarudia: magadi. Nikaponda bluberi, nikayagawa maji yake kwenye visahani vya kahawa. Kimoja nikakiacha. Kimoja nikakikamulia ndimu. Kimoja nikakinyunyizia magadi.

Cha ndimu kikawa chekundu, chekundu cha damu ya mzee. Cha magadi kikachemka kidogo, kikaenda bluu, kisha kijani, kijani kile kile cha kwenye kitumbua. Nikatia ndimu juu yake. Kikatoa povu, kikarudi kwenye wekundu.

"Umeona, mama? Ni tunda linageuka rangi. Likikutana na magadi linakuwa kijani. Likikutana na ndimu linarudi. Si ukungu, si dawa." Nikachukua kitumbua kimoja, nikakila chote mbele yake. Kilikuwa na ladha ya sabuni kwa mbali, kwa yale magadi mengi, lakini nilikimaliza.

Mama alitazama visahani muda mrefu. Akatia kidole kwenye kile chekundu.

"Nilijua si sumu," akasema.

"Ulijua?"

"Baba, mke wako ananikatia kucha za miguu. Mtu anayetaka kukuua hakati kucha zako zisikuingie nyamani."

Nilisahau kukaa. "Basi mbona huli?"

Mama akakivuta kisahani kimoja, akakirudisha.

"Baba yako alikula nini usiku ule?"

"Sijui."

"Ndizi na samaki. Nilipika mimi. Akala, akasema asante, akalala. Asubuhi ndugu zake wamejaa ukumbini, na wifi yangu hakuuliza aliumwa nini. Presha yake walikuwa wanaijua wote. Akauliza, 'Alikula nini? Kwa mkono wa nani?' Mara moja tu. Basi. Nimekaa eda yangu yote nasikia swali hilo linatembea nje ya dirisha. Wanaleta chakula, hawali changu. Chai yangu hawanywi. Watu niliowalisha tangu hawajaota meno."

Hakulia. Alisema yote hayo akipanga visahani mstari mmoja.

"Mimi ni mgonjwa, nina umri," akasema. "Nitakufa, kama si leo, kesho. Nikifia hapa, shangazi yako atapiga simu. Unajua atauliza nini. Nikataka jibu liwe yai. Liwe ndizi. Liwe kitu ambacho hakina mkono wa mtu. Mkwe wangu ni mtoto wa watu, yuko mbali na kwao. Mimi nilikuwa na ndugu zangu Muheza wa kunitetea na bado lilinikaa. Yeye atatetewa na nani?"

"Na bluberi? Na kitundu? Na kokwa?"

"Nilikuwa natafuta sababu, na wewe ukaniletea tunda lenye sababu tele." Kisha, baada ya kufikiri, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ingawa lile la kokwa bado silielewi."

Mke wangu aliporudi kutoka zamu nilimketisha nikamweleza, neno kwa neno, mama akiwepo, kwa sababu mambo ya namna hii yakisemwa pembeni huota mambo mengine. Alisikiliza akiwa bado na viatu. Nilipofika kwenye lile neno, jibu liwe yai, alifunika mdomo kwa mkono.

"Mama, na mimi nilikuwa nakushuku," akasema. "Nilisema unajinyima ili unichafue."

"Na mimi ningekushuku hivyo hivyo, ningekuwa wewe."

"Sasa utakula?"

"Nitakula nini, mwanangu? Shida haijaondoka. Wifi yangu yuko pale pale."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimelimaliza fumbo la rangi nikadhani nimemaliza kazi. Mama alikuwa ametuambia siri yake, lakini sababu ya siri ilikuwa Muheza, hai, ina simu na kifurushi cha intaneti. Nilianza kutaja mipango: barua ya daktari, mazungumzo ya familia. Mke wangu akanikatiza.

"Anayeuliza mtu amekula nini," akasema, "si aone anachokula?"

Jumamosi hakuwa na zamu. Unga aliusaga upya, ukaumuka kwa hamira peke yake, bila magadi, na nilimkamulia ndimu kidogo. Bluberi tulizigaragaza kwenye unga mkavu wa mchele kwanza ili zisizame chini. Mama aliketi jikoni kwenye kiti, akitoa amri. Ilikuwa asubuhi yetu na alasiri yao. Niliegemeza simu kwenye kopo la chai nikampigia shangazi yangu, dada wa baba, kwa picha. Uso wake ukajaa kioo, kisha paji la uso peke yake, kisha dari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mama anataka kukusalimu."

"Wifi!" Mama akasogea mbele ya simu. "Bado upo? Nilidhani walishakuzika kwa ule udaku wako."

"Nipo, nakungoja wewe utangulie. Mbona umekonda hivyo? Hawakulishi?"

Nilimwona mke wangu ameganda na mwiko mkononi. Swali lilikuwa limekuja mapema kuliko tulivyotegemea.

"Ndiyo nimekupigia uone," mama akasema. "Huyu hapa mkwe wako. Ndiye anayenipikia. Mtazame vizuri."

"Shikamoo, shangazi," mke wangu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Unampikia nini mgonjwa?"

"Vitumbua, shangazi. Sukari nimetia kidogo."

"Sogezeni nione."

Mke wangu akasogeza sahani mpaka karibu na simu. Shangazi akasogea naye. Tukaona jicho moja, kubwa, limekazwa. Niliwahi kukaguliwa na polisi wa barabarani bila kujisikia hivyo.

"Hiki cha bluu ni nini?"

"Ni tunda la huku," mama akasema.

"Zambarau?"

"Si zambarau. Halina kokwa."

Sauti ya shangazi ikashuka, imejaa tahadhari: "Halina kokwa? Nani kalitoa?"

Mama alinitazama. Sijawahi kumwona akizuia kicheko kwa nguvu namna ile. Mabega yalitikisika, kanga ikaanguka. Lakini alikuwa na kazi ya kufanya na aliifanya. Akachukua kitumbua, akakimega katikati mbele ya simu. Ndani palikuwa peupe, na bluberi zimepasukia humo, za zambarau, na pembeni wekundu wa ndimu. Nusu akampa mke wangu. Mke wangu akaila. Mama akamngoja ameze, kisha akaila nusu yake, akatafuna bila haraka, akafungua mdomo kuonyesha ulimi uliobadilika rangi, kama watoto wanavyoonyeshana.

"Umeona, wifi?"

"Nimeona."

"Umeona nani kapika?"

Muheza jogoo aliwika, wakati usio wake. Nadhani shangazi alijua anachoulizwa, na jambo lililokuwa nyuma yake pia, kwa sababu alipojibu hakutumia sauti ya utani.

"Nimeona, wifi. Kapika mkwe wako, na wewe umekula kwa hiari yako, na yeye kala. Nimewaona wote wawili." Kisha: "Na wewe pia ulikuwa unapika vizuri. Kaka yangu hakuwahi kulalamika."

Si kuomba msamaha. Nililipima neno lile kila upande na bado sijajua lina uzito gani. Huenda lilimtoka tu. Mama alisema, "Haya, salimia huko," na simu ikakatika yenyewe, kifurushi kimekwisha au shangazi ameikata.

Niliendelea kumtazama mama, kwa mazoea, nione kama atainuka aende kutema. Mke wangu alikuwa anamtazama vile vile, mwiko ungali mkononi. Mama alifuta vidole kwenye kanga, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaivuta sahani upande wake.

"Hivi vingine," akasema, "mnangoja vipoe?"